Breki haikatiki, yachoka

Kila gari kubwa linapopinduka kwenye barabara yetu ya Mombasa–Nairobi, maelezo huwa ni yale yale: dereva alishindwa kulidhibiti baada ya breki kukatika. Afisa hulisema, sisi waandishi tukaliandika, na jamaa wa marehemu wakaitikia kuwa ni kadari ya Mwenyezi Mungu. Kadari naiamini, mimi ni Muislamu. Hilo la breki kukatika ghafla ndilo nisiloliamini tena, na aliyenitoa imani hiyo ni ami yangu, mzee aliyeendesha malori na mabasi kwa zaidi ya miaka thelathini na sasa kazi yake ni kahawa chungu na baraza.

Nimelazimika kuandika haya kwa sababu mtoto wa dadangu amepata leseni ya CE, ile ya lori lenye trela, na amepewa gari la kubeba makontena kutoka bandarini. Dadangu hajalala vizuri tangu siku hiyo. Ijumaa iliyopita baada ya swala nikamchukua kijana nikampeleka kwa babu yake. Mzee alimwacha ambusu mkono, akamkalisha, kisha akamuuliza swali moja tu: "Ukifika Mazeras warudi Mombasa, mzigo uko nyuma, wateremka na gia gani?"

Kijana akacheka. Akasema wenzake hutia frii.

Mzee hakucheka.

Kwa asiyejua lugha ya madereva, kutia frii ni kuitoa gari kwenye gia na kuiacha ishuke yenyewe kwa uzito wake. Ni mazoea ya miaka mingi na sababu yake haijifichi: mafuta. Lita chache zinazobaki kila safari zina wanunuzi wake kando ya barabara, na kila anayekaa karibu na vituo vya malori anajua bei. Sitawaita madereva wezi, maana mishahara ya wengi wao naijua na posho za safari nazijua. Lakini hesabu yenyewe ya mafuta siku hizi si sahihi. Injini za dizeli za kisasa, zile zenye kompyuta, ukiteremka ukiwa ndani ya gia na mguu uko nje ya pedali, zinakata mafuta kabisa. Magurudumu ndiyo yanayozungusha injini. Ukitia frii, injini inabidi inywe mafuta kidogo ili isizime. Kwa hivyo anayetia frii kwenye lori jipya anahatarisha roho yake na za watu bila kuokoa hata kikombe.

Sasa tuje kwenye breki zenyewe.

Malori makubwa na mabasi mengi hutumia breki za upepo. Injini inaendesha pampu, pampu inajaza upepo kwenye mitungi, na ukikanyaga pedali upepo huo unasukuma lainingi ziibane dramu ya gurudumu. Watu wengi, na madereva wengine pia, wanadhani upepo ukiisha gari linabaki bila breki. Ni kinyume chake. Kwenye magurudumu ya nyuma kuna springi zenye nguvu sana, na upepo ndio unaozizuia zisikamate. Upepo ukishuka kufikia kama paundi 60, king'ora kinalia na taa inawaka ndani. Ukiendelea kushuka, springi zinafunga magurudumu zenyewe. Gari linasimama, hata kama dereva hataki.

Basi ikiwa mambo ni hivyo, yale malori yanayoshuka yakipiga honi mpaka chini yametokana na nini?

Joto. Breki kazi yake ni kugeuza mwendo kuwa joto, hakuna kingine inachofanya. Na mwendo ukizidishwa mara mbili, joto la kusimamisha gari linazidi mara nne, si mara mbili. Lori la tani 56, ambao ndio ukomo wa uzani katika sheria ya Afrika Mashariki, likishuka kwa kilomita 80 kwa saa linazitwisha breki kazi mara nne ya lile linaloshuka kwa 40. Dereva akikanyaga mfululizo, dramu inapata moto na kutanuka. Ikitanuka inaikimbia lainingi. Lainingi nayo ikiungua inakuwa laini kama kioo, haishiki. Dereva anakanyaga hadi mwisho, pedali ipo, upepo upo, gari halina habari. Hata zile springi zikifunga, zinaibana dramu ile ile iliyoungua.

"Breki haikatiki, mwanangu," mzee akamwambia kijana. "Breki yachoka. Na yachoka kwa sababu wewe uliifanyisha kazi ya injini."

Hapo ndipo ubaya wa frii ulipo. Gia ndogo ni breki ambayo haiungui: injini inalishikilia gari, na ile breki ya ekzosi inaongeza. Ukitoa gia, zote mbili zinakufa kwa pamoja, na mzigo wote unaangukia lainingi. Mwendo ukishapanda, kuirudisha gia ni shida, inakwaruza na kukataa. Na yule anayezima injini kabisa ili aokoe zaidi amesimamisha na pampu ya upepo, na usukani umekuwa mzito kama nanga.

Niseme na la kidhibiti mwendo, maana wasafiri wengi wanaliamini kupita kiasi. Sheria inataka magari ya abiria na ya mizigo yasipite kilomita 80 kwa saa, na kifaa kile kimefungwa kwa ajili hiyo. Lakini kifaa kinapunguza mafuta yanayokwenda kwenye injini, hakina mkono wa kushika gurudumu. Lori lililotiwa frii mteremkoni linaweza kufika 100 na zaidi huku kidhibiti kikiwa kizima na muhuri wake umekamilika.

Mzee alimfundisha kijana hivi. Kabla mteremko haujaanza, punguza mwendo, chagua gia ukiwa bado juu. Zamani walikuwa wakisema teremka na gia ile ile unayopandia kilima hicho. Nilipomuuliza fundi mmoja wa Changamwe akaniambia kwa malori ya sasa hilo halitoshi, yana injini zenye nguvu na yanapanda kwa gia kubwa. Shuka na ndogo zaidi ya uliyopandia. Jiwekee mwendo, tuseme 40. Ukifika 40 kanyaga kwa nguvu mpaka 30, kisha achia kabisa, dramu ipumue. Usikae na mguu juu ya pedali kwa woga. Wala usiipigepige haraka haraka, kila pigo linatumia upepo.

Asubuhi, kabla ya kuondoka, toa maji kwenye mitungi ya upepo. Kwetu sisi hili ni muhimu kuliko bara. Hewa ya Pwani ina unyevu, na unyevu huo ukibanwa unakuwa maji, maji yanachukua nafasi ya upepo na kuleta kutu kwenye vali. Kisha jaza upepo, zima injini, kanyaga pedali uishikilie kwa dakika moja ukitazama mshale. Mshale ukishuka mbele ya macho yako, kuna mahali panavuja, na pua ya mpira inayovuja utaisikia ukizunguka gari kwa miguu kukiwa kimya. Mwambie fundi akaze breki za magurudumu yote, za trela pia. Gurudumu moja likilegea, mengine yanabeba kazi yake, na hayo ndiyo yanayoungua kwanza.

Hili la mwisho nimeliona kwa macho yangu. Miaka kadhaa nyuma nilikuwa natoka Nairobi na ami kwa basi la usiku. Alfajiri tumepita Mazeras, tunashuka kuelekea Bonje, nikasikia harufu kama ya nywele zilizoungua. Abiria wengine walikuwa wamelala. Mzee akainuka kwenye kiti, akaenda mbele akishika viti. Kondakta akamwambia, "Mzee, rudi uketi, tunafika sasa hivi." Mzee akampita, akamwinamia dereva: "Mwanangu, salaam aleykum. Lainingi yaungua nyuma. Rudisha gia, uweke pembeni taratibu."

Namshukuru Mungu dereva yule hakuwa na kiburi. Tuliposhuka, gurudumu la nyuma kushoto lilikuwa linatoa moshi. Kondakta akaja mbio na ndoo ya maji, mzee akamfokea mpaka akaiweka chini. Dramu ni chuma cha kusubu. Ukikimwagia maji kikiwa na moto kinapasuka, na ukiondoka na dramu iliyopasuka hutafika. Tukaweka mawe kwenye magurudumu, tukasubiri ipoe yenyewe. Tuliswali alfajiri pale pale kando ya barabara, na wapo walionung'unika kwamba mzee amewachelewesha. Tulipoondoka, mzee mwenyewe aliyaokota mawe yale akayatupa porini. Mawe ya lori la jana yanaua mwenye pikipiki wa leo.

Dereva alikiri baadaye kuwa alishaipeleka gari kwa mwenye kampuni mara mbili na kuambiwa aendelee nayo mpaka mwisho wa mwezi. Kampuni siitaji. Naitaja tabia, kwa sababu nusu ya elimu hii yote inamhusu mwenye gari, si dereva. Sheria ya trafiki inasema dereva wa gari la biashara asiendeshe zaidi ya saa 8 katika saa 24. Mombasa hadi Malaba ni zaidi ya kilomita 900. Mwenye mali anayepiga simu kila baada ya saa moja kuuliza "umefika wapi" anajua vizuri hesabu hiyo, na anajua pia kuwa anayekimbizwa ndiye anayetia frii.

Matokeo tumeyaona bara, tusingoje tuyaone Miritini. Tarehe 30 Juni 2023, katika njia panda ya Londiani, lori la kontena liliacha barabara likaingia kwenye watu waliosimama na kufanya biashara kando, wakafa zaidi ya 50. Sisi nasi tunauza maembe na mahindi ya kuchoma chini ya miteremko, watoto wetu wanangoja matatu hapo hapo.

Abiria naye ana haki ya kunusa na kusema. Ukisikia harufu ile, au ukisikia injini imenyamaza mteremkoni huku mwendo unapanda, usione haya kwamba wewe si dereva.

Kijana alimuuliza babu yake swali moja kabla hatujaaga: je, ikiwa imeshamtoka, afanyeje? Mzee akanyamaza kidogo. "Washa taa zote, honi usiitoe mkono. Usitoe gia iliyomo. Tafuta mahali penye mchanga, ukuta wa udongo, kichaka, uisugue hapo. Gari itaharibika, na mwenyewe atakutukana. Mwache atukane."

Jumatatu akapakia kwenda Nairobi, na kurudi akabebeshwa kontena la chai ya mnada. Jana alinipigia simu akiwa Miritini. Sikumuuliza habari za safari. Nilimuuliza ameshuka na gia gani.

"Ya nne, mjomba. Nyuma yangu walikuwa wananipigia honi mpaka chini."