Kaniki na Jua la Unyamwezi

Kuna jambo ambalo watu wengi hulihesabu kuwa limekwisha kuamuliwa, ya kwamba nguo nyeupe huupoza mwili na nguo nyeusi huuchoma. Neno hilo lina kweli ndani yake, lakini si kweli yote. Na mtu alishikaye bila kulipima aweza kujidhuru, hasa ikiwa kazi yake ni ya juani.

Tuitazame kwanza njia kuu ya misafara ya zamani, iliyotoka Bagamoyo ikapita Tabora na kufika Ujiji. Kabla ya reli kufika Tabora mwaka 1912, mizigo ya njia hiyo ilichukuliwa na wapagazi, na wengi wao walikuwa Wanyamwezi. Nguo zilitumika kama fedha, nazo zilipimwa kwa mkono: shuka ni mikono minne, na doti ni mikono minane. Richard Burton, aliyefika Kaze, mahali pa Tabora, mwaka 1857, aliandika habari za nguo hizo. Mbili zilijulikana sana: merikani, nguo ya pamba isiyotiwa rangi, iliyopata jina lake kwa kuwa ilitoka Marekani, na kaniki, nguo ya pamba iliyotiwa nili hata ikakaribia weusi. Katika miaka ya 1880 Wamisionari wa Afrika, waitwao Mapadre Weupe kwa ajili ya kanzu zao, walifungua misheni Kipalapala, karibu na Tabora. Basi chini ya jua lile lile walionekana wenye kanzu nyeupe na wenye kaniki. Je, ni yupi aliyeona joto zaidi?

Rangi nyeupe huirudisha sehemu kubwa ya nuru ya jua. Rangi nyeusi huimeza, na nuru iliyomezwa hugeuka kuwa joto. Kila mtu aweza kujaribu. Tandazeni juani vitambaa viwili vya uzito mmoja, kimoja cheusi na kimoja cheupe, kisha viguseni baada ya muda: cheusi kitakuwa na moto zaidi. Lakini nguo kupata moto ni jambo moja, na mwili kupata moto ni jambo jingine.

Wataalamu wanne, Shkolnik, Taylor, Finch na Borut, walitaka kujua kwa nini Mabedui wa jangwa la Sinai huvaa majoho meusi. Walipima, na mwaka 1980 wakatangaza ya kwamba joto lililoufikia mwili lilikuwa kiasi kile kile, joho likiwa jeusi au jeupe. Joho jeusi lilimeza joto zaidi, lakini ziada hiyo ilipotea kabla ya kufika kwenye ngozi.

Sababu yake ni hii. Joho ni pana, wala halishikani na mwili. Joto hukaa upande wa nje, na upepo huliondoa. Ndani yake hewa hupita, nayo hulikausha jasho. Na kukauka kwa jasho ndiko kunakoupoza mwili. Lakini nguo nyeusi ikibana, hakuna nafasi ya hewa, na joto lake huingia ngozini moja kwa moja. Hapo nguo nyeupe hushinda. Vivyo hivyo pasipo upepo, nyeupe yafaa zaidi. Ila nguo nyeupe iliyo nyepesi mno ina kasoro yake: huipitisha sehemu ya nuru mpaka kwenye ngozi.

Kasoro hiyo si ndogo kwa ndugu zetu wenye ualbino. Ngozi yao haina kinga ya kutosha, na jua huweza kuwaletea saratani ya ngozi. Kitambaa kilichofumwa kwa kubanana, chenye rangi iliyokolea, huzuia miale iunguzayo kuliko kitambaa cheupe chepesi. Mzazi amvikaye mtoto wake shati jeupe jepesi, akidhani amemkinga, amempunguzia joto kidogo tu na kumwachia hatari kubwa. Yafaa ampe nguo nzito kiasi, pana, yenye mikono mirefu, na kofia yenye ukingo mpana.

Tena nguo yo yote haishindi desturi ya wapagazi wenyewe, ambao walianza safari alfajiri na kupiga kambi kabla jua halijawa kali. Mwenye kulima naye afanye vivyo hivyo.

Basi mnaponunua nguo ya kazi, msiulize rangi peke yake. Inueni kitambaa mbele ya nuru, mwone kama jua lapenya. Kisha kivaeni, mwinue mikono na kuinama, mwone kama hewa yapata njia.