Ng'ombe akitupa mimba, mwambie daktari wako

Mama mmoja mfugaji alifika kwenye zahanati yangu akilalamikia homa iliyokuwa ikimjia na kumwacha kwa miezi mitatu. Usiku alilowa jasho. Mgongo na magoti yalimuuma hata akashindwa kukama ng'ombe wake.

Alikuwa amekwisha kutibiwa malaria mara mbili na homa ya matumbo mara moja. Moja kati ya matibabu hayo nilimpa mimi mwenyewe.

Siku hiyo ndipo nilipomuuliza swali nililopaswa kumuuliza tangu mwanzo: "Mama, na mifugo nyumbani haijambo?"

"Si njema, daktari," akanijibu. "Ng'ombe wawili wametupa mimba tangu mvua ianze. Lakini mimi nimekuja kwa ajili yangu, si ya ng'ombe."

Alipopimwa tena kwa makini, alipatikana na brusela. Alikuwa ameondoa ndama aliyeharibika na kondo la nyuma kwa mikono mitupu, na maziwa ya mala nyumbani kwake yaligandishwa bila kuchemshwa. Alitumia dawa aina mbili kwa wiki sita, akapona.

Mama huyo alikuwa na habari niliyoihitaji. Kosa ni kwamba hakuna aliyemuuliza.

Tatizo hili ni kubwa kuliko zahanati yangu. Hospitali huhesabu wagonjwa waliofika hospitalini. Ofisi ya mifugo nayo huhesabu wanyama walioripotiwa. Ndama wa mkulima mwenye ekari moja akifa usiku, huzikwa au huchinjwa, na hakuna kitabu kinachomwandika. Hivyo mzigo halisi wa magonjwa ya mifugo hubaki vichwani mwa wenye mifugo.

Maharagwe mia moja

Kwa miaka mingi sasa, wataalamu wa mifugo wamekuwa na njia rahisi ya kuupima mzigo huo. Huketi na kikundi cha wakulima na kuwapa maharagwe au vijiwe 100, ambavyo huwa ni mfano wa mifugo yote ya kijiji kwa mwaka mmoja.

Kwanza wakulima huyagawa mafungu mawili: wanyama waliougua na wasiougua. Kisha fungu la waliougua hugawanywa kwa kila ugonjwa, kwa jina ambalo wenyeji wanalitumia. Mwishowe huonyesha ni wangapi walikufa.

Wakulima hubishana, huhamisha maharagwe, hukumbushana, na hatimaye hukubaliana. Mara nyingi akina mama huketi peke yao, kwa maana wao ndio wanaojua zaidi habari za maziwa na ndama.

Baadaye mtaalamu hulinganisha kikundi kimoja na kingine, na huchukua damu ya baadhi ya wanyama ikapimwe. Hatua hii ni muhimu. Mkulima hujua kwamba mimba imetoka, lakini kwa macho peke yake hawezi kujua iwapo ni brusela au sababu nyingine.

Msomaji asidhani kuwa huu ni mchezo wa watoto. Maelezo ya wafugaji yalisaidia kuusaka ugonjwa wa sotoka katika maficho yake ya mwisho kwenye maeneo kame ya Afrika Mashariki. Mwaka 2011 sotoka ilitangazwa kuwa imetokomezwa duniani kote.

Wafugaji waliona mapema

Mfano mwingine ni homa ya Bonde la Ufa, ambayo iligunduliwa karibu na Ziwa Naivasha mapema katika miaka ya 1930. Ugonjwa huu huletwa na virusi vinavyoenezwa na mbu baada ya mvua kubwa. Kondoo na mbuzi hutupa mimba kwa wingi, na watoto wao hufa. Mtu huupata kwa kuumwa na mbu au kwa kugusa damu na majimaji ya mnyama mgonjwa.

Mlipuko wa 2006 na 2007 uliua zaidi ya watu 150 nchini Kenya. Watafiti walipowahoji wafugaji Wasomali wa kaskazini mashariki baadaye, walikuta kwamba wana jina lao la ugonjwa huo, "sandik", yaani kutoka damu puani.

Wafugaji hao walikumbuka mpangilio wote: mvua, kisha mbu wengi, kisha mifugo kuugua, na ndipo watu wakaanza kuugua. Huduma za serikali zilifika wiki kadhaa baada ya mnyama wa kwanza kuugua. Wiki hizo ndizo zingeokoa maisha, lau habari za boma zingefika hospitalini mapema.

Mwaka 2015 wataalamu wa Kenya waliorodhesha magonjwa ya mifugo na watu yanayopaswa kushughulikiwa kwanza. Matano ya juu yalikuwa kimeta, malale, kichaa cha mbwa, brusela na homa ya Bonde la Ufa.

Ufanye nini?

Ewe mfugaji, weka daftari. Andika tarehe, mnyama gani aliugua, dalili ulizoziona na yaliyompata. Mimba ikitoka, au wanyama wakifa ghafla, mwarifu afisa wa mifugo bila kuchelewa. Usimpasue wala kumla mnyama aliyekufa mwenyewe.

Usiguse kondo la nyuma wala mimba iliyotoka kwa mikono mitupu. Vaa glavu, au mifuko ya plastiki isiyotoboka, kisha uvizike chini sana mbwa wasivifikie. Chemsha maziwa yote, hata yale ya kugandisha mala. Kuyaweka kwenye friji hakuui viini vya brusela.

Ukiwa na homa isiyokwisha, mweleze daktari habari za mifugo yako hata kama hakukuuliza.

Nasi madaktari tujifunze kuuliza. Tangu siku ile, kila mgonjwa wa homa anayeingia chumbani mwangu, nikishamjulia hali yeye na watoto, huuliza pia habari za ng'ombe.