Fukusi wa Viazi Vitamu

Napenda kuwaeleza habari za mdudu mdogo ambaye wakulima wengi wa Tinde wameiona kazi yake, ingawa si wote waliomwona mwenyewe. Huyu ni fukusi wa viazi vitamu.

Katika nchi ya Shinyanga mvua huanza yapata mwezi wa Novemba na kwisha Aprili au Mei. Kisha huja kiangazi kirefu. Ndiyo sababu wazee walibuni njia ya kuweka viazi. Vikimenywa, vikakatwa vibichi na kuanikwa juani, huitwa michembe. Vikichemshwa kwanza ndipo vikaanikwa, huitwa matobolwa. Chakula hiki huivusha nyumba katika miezi ya njaa. Basi fukusi aharibuye kiazi aiharibu akiba kabla haijawekwa.

Kiazi kitamu asili yake ni Amerika, lakini fukusi wetu ni mwenyeji wa Afrika. Ni mdudu mwembamba, mfano wa chungu mwenye mdomo mrefu, wala hafiki sentimeta moja. Jike hutoboa shina au kiazi, hutia yai moja tunduni, kisha huliziba kwa mavi yake. Katika yai hutoka funza mweupe asiye na miguu, naye hula ndani kwa ndani. Penye joto, muda wa mwezi mmoja hivi watosha yai kuwa fukusi mzima. Kiazi kilichotobolewa hufanya uchungu na harufu mbaya, hata tundu chache zikakifanya kisilike.

Lakini adui huyu ana udhaifu mmoja: hajui kuchimba udongo. Hukifikia kiazi kwa kupita katika nyufa, nazo huzidi wakati viazi vinaponenepa na jua linapokausha tuta, hasa katika udongo mzito wa mbugani. Hapa ile methali isemayo, "Usipoziba ufa utajenga ukuta," ina maana yake hasa.

Basi yafaa kufanya haya. Kwanza, chagua mbegu katika ncha za marando yasiyo na ugonjwa, maana fukusi hupenda kutaga katika shina la zamani karibu na ardhi. Pili, usipande viazi mahali palipokuwa na viazi mwaka uliopita, wala kando yake. Tatu, panda mapema mvua ianzapo, ili viazi vikomae kabla ardhi haijapasuka. Nne, inulia udongo juu ya tuta mara kwa mara, ukizibe kila ufa.

Nyumba nyingi huviacha viazi ardhini, wakachimba vya kutosha chakula cha siku. Desturi hii ina akili ndani yake, kwani kiazi kilichochimbwa hakikai siku nyingi. Maadamu ardhi ina unyevu, ifuate, ila ufukie vema kila shimo ulilochimba. Kiangazi kikikaza, kukawia ni kumlisha fukusi: chimba viazi vyote, tenga vilivyotobolewa, na vizima uvifanye michembe au matobolwa.

Baada ya kuvuna, usiache mashina na viazi vibovu shambani. Viteketeze kwa moto au vifukie chini sana. Ng'oa pia viazi viotavyo vyenyewe na mimea ya mwituni iliyo jamaa ya kiazi, kwani humo fukusi hungojea msimu mwingine. Tena usitumaini mno dawa ya kunyunyiza, maana funza aliye ndani ya kiazi haifikii.

Kazi hii yataka jembe na macho kuliko fedha. Walakini mtu mmoja peke yake hawezi kuimaliza, kwani fukusi huvuka mpaka wa shamba asiulize ni la nani. Kabla ya kupanda, afadhali majirani wakutane, wapatane mahali pa kupanda na siku ya kusafisha mabaki yao wote pamoja.