Safari ya Meli katika Fiordi ya Geiranger

Leo twasafiri majini huko Norwe. Fiordi ni mkono wa bahari uingiao mbali katikati ya milima. Zamani sana barafu nene ilishuka polepole kutoka milimani, ikachimba bonde refu lenye kuta zilizosimama wima. Barafu ilipoyeyuka, maji ya bahari yakaingia, yakalijaza bonde lile.

Twapanda meli kijijini Geiranger, twaelekea Hellesylt, mwendo wa yapata saa moja. Upande mmoja twaona maporomoko ya maji yaitwayo Dada Saba. Theluji iyeyukapo, yote saba hushuka pamoja. Ng'ambo yake, juu gengeni, zaonekana nyumba za Skageflå. Watu walifuga mbuzi pale, hata mwaka 1916 wakahama.

Lakini uzuri huu una hatari yake. Usiku wa tarehe 7 Aprili 1934, katika fiordi jirani ya Tafjord, kipande cha mlima kilianguka majini. Wimbi likainuka, likafagia nyumba za pwani, na watu 40 wakafa. Hata leo mlima wa Åkerneset una ufa unaozidi kupanuka. Wataalamu huupima mchana na usiku, ili wenyeji wa Geiranger na Hellesylt waonywe mapema, wapate kukimbilia juu.

Basi, sisi wageni tuitazamapo milima ile na kustaajabu, tukumbuke kuwa wenyeji huitazama pia, nao hukesha.