Anayetaka jangwa aanzie Ziba

KIUNGO mwenye pumzi hukata kilomita 10 hadi 12 katika mechi moja. Marathon des Sables, mbio za jangwani kule Morocco, ni kama kilomita 250 ndani ya wiki moja. Piga hesabu mwenyewe: hizo ni mechi 22 au 23, robo tatu ya msimu mzima wa Ligi Kuu, tena begi likiwa mgongoni na joto linaloweza kugonga nyuzi 50. Hakuna sub. Na chakula chako cha siku zote unakibeba mwenyewe, maji tu ndiyo unapewa kwa kipimo.

Zilipoanza mwaka 1986 washiriki walikuwa 23 tu. Leo wanajaa kutoka kila kona ya dunia, na wengi si wanariadha wa kulipwa. Ni watu wa kazi za kawaida wanaokimbia kuchangisha fedha, kila mmoja na ahadi za ndugu na marafiki kwa ajili ya hospitali au shule fulani. Kwetu mtindo huo upo kwenye mbio za siku moja. CRDB Marathon, kwa mfano, huchangia upasuaji wa moyo wa watoto pale JKCI. Lakini siku moja ni kitu kingine kabisa. Mtu aliyebeba ahadi za watu halafu siku ya pili yuko kwenye dripu, kawaangusha wengi.

Kwa hiyo ajiandae wapi? Makocha wetu macho yao yako Arusha na Manyara, kwenye baridi na milima. Kwa mbio hizi wageuke upande wa Tabora, waende Ziba, wilayani Igunga, wakati wa kiangazi. Kuna vumbi, jua la Oktoba halina huruma, na mito ikikauka unabaki mchanga mtupu. Mwili huhitaji siku 10 hadi 14 kuzoea joto: jasho linaanza kutoka mapema, chumvi inapotea kidogo, damu inaongezeka maji. Anayetoka kwenye baridi moja kwa moja hadi jangwani anajitafutia balaa.

Halafu Unyamwezi ina shule yake ya zamani. Karne ya 19 wapagazi wa huku walitembea kutoka Unyanyembe, Tabora ya leo, hadi Bagamoyo, zaidi ya kilomita 800, kwa miezi miwili au mitatu. Begani mzigo wa kama kilo 30, pembe za ndovu wakienda, vitambaa na shanga wakirudi. Mkimbiaji wa Morocco akianza na kilo 10 tayari analia.

Wapagazi hawakwenda kwa pupa. Waliondoka alfajiri, jua likipanda wanapiga kambi. Kwenye nyika isiyo na maji kama Mgunda Mkali ndipo walipofanya terekeza: wanaondoka mchana, wanalala njiani bila maji, asubuhi wanayafikia. Hilo ndilo zoezi lenyewe. Kimbia Jumamosi jioni, rudi tena Jumapili alfajiri miguu ikiwa bado mizito. Kilomita 30 mara mbili mfululizo zinafundisha kuliko 50 za mara moja. Begi lianze na kilo 3, liongezwe taratibu, na chumvi isikosekane, kwa sababu kubugia maji matupu nako kunaua.

Miguu ndiyo huwarudisha wengi nyumbani, si mapafu. Joto huivimbisha, mchanga unaingia, malengelenge yanapasuka. Viatu viwe vikubwa kidogo, na ujue dawa ya lengelenge ukiwa bado Ziba.

Kitu kimoja wapagazi walikuwa nacho ambacho mkimbiaji hana: kirangozi. Huyo alitangulia msafara, na aliyethubutu kumpita alitozwa faini. Jangwani unajiongoza, kwa hiyo kusoma dira nako ni mazoezi. Mwaka 1994 Mwitaliano Mauro Prosperi alikutwa na dhoruba ya mchanga, yeye akaendelea kukimbia akihofia kupitwa. Akapotea siku tisa, akinywa hadi damu ya popo. Alipopatikana alikuwa ameshavuka mpaka, yuko Algeria.