Je, Wajua? Mti Huhesabiwa Kabla ya Kukatwa

Wengi wakisikia neno uvunaji wa misitu huona uharibifu mbele yao. Lakini msitu wa umma unaweza kutoa mbao kizazi hadi kizazi, ilimradi hesabu ilitangulie shoka. Kinachoua msitu ni kukata bila kujua kilichopo, kinachoota na kinachopaswa kubaki.

1. Je, wajua kwamba Tanzania Bara ina takriban hekta milioni 48.1 za misitu, zaidi ya nusu ya eneo lake la nchi kavu? Takwimu hiyo ilitolewa mwaka 2015 na tathmini ya kitaifa ya rasilimali za misitu, NAFORMA, baada ya timu za wapimaji kupita kwenye maelfu ya viwanja vya sampuli kila pembe ya nchi.

2. Je, wajua kwamba tathmini hiyohiyo ilikadiria kuwa kiasi kinachoweza kuvunwa kwa mwaka bila kupunguza msitu ni mita za ujazo milioni 42.8, ilhali matumizi yalifikia milioni 62.3? Hilo ni pengo la milioni 19.5 kila mwaka. Linazibwa na miti ambayo haikupaswa kuguswa, na sehemu kubwa ya matumizi yenyewe ni kuni na mkaa, si mbao.

3. Je, wajua kwamba unene wa mti hupimwa kwenye kimo cha kifua, yaani mita 1.3 kutoka ardhini? Chini ya hapo shina hutanuka kuelekea mizizini, na mti mdogo huonekana mkubwa. Mpimaji huzungusha utepe kwenye shina, husoma mzingo, kisha hugawa kwa 3.14. Mzingo wa sentimita 157 una maana ya kipenyo cha sentimita 50. Kwenye mteremko hupimia akiwa upande wa juu. Kila aina ya mti ina kipenyo chake cha chini kinachoruhusiwa kuvunwa. Mti usiofikia kipenyo hicho unaachwa usimame, hata mnunuzi akiutamani vipi.

4. Je, wajua kwamba mche wa mninga hufa juu ya ardhi kila kiangazi kwa miaka mingi kabla haujawa mti? Shina dogo hukauka au huungua na moto, mvua zikirudi huchipua tena, na wakati huo wote mzizi unanenepa chini. Huenda miaka 10 ikapita hivyo. Mzizi ukishapata nguvu, mche hurefuka kwa kasi na kuupita urefu wa moto wa nyasi. Ndiyo maana mpango wa kuvuna mninga usiozungumzia moto una pengo kubwa.

5. Je, wajua kwamba mpingo, mti wa taifa wa Tanzania, huhitaji takriban miaka 70 hadi 100 kufikia ukubwa wa kuvunwa? Mbao yake ni nzito kiasi kwamba huzama majini. Hutengenezewa zumari za kizungu kama klarineti na oboe, na ndio uliozipa sifa sanaa za Wamakonde. Lakini magogo mengi yana nyufa, mashimo au mikunjo, na sehemu inayofaa kwa ala za muziki kwa kawaida haifiki hata moja ya kumi ya gogo. Kwa hiyo mpingo mmoja ukikatwa ovyo, mbadala wake ataukata mjukuu.

6. Je, wajua kwamba msitu wa asili wa kwanza barani Afrika kusimamiwa na wanajamii na kupata cheti cha FSC cha uvunaji endelevu uko wilayani Kilwa? Ilikuwa mwaka 2009, na vijiji vya Kikole na Kisangi vilikuwa mstari wa mbele, vikisaidiwa na shirika la Mpingo Conservation and Development Initiative. Kazi haikuanza na msumeno. Kwanza vijiji jirani vilikubaliana mipaka. Kisha Kamati ya Maliasili ya Kijiji ikaingia msituni kuhesabu na kupima miti. Hapo ndipo mpango wa usimamizi ukaandikwa na sheria ndogo zikapitishwa, baada ya mkutano mkuu wa kijiji kuridhia. Mnunuzi alipofika, alikuta idadi ya miti ya kuuzwa imeshaamuliwa. Fedha zimejenga visima na majengo ya huduma za jamii, na doria za msitu zinalipiwa na msitu wenyewe.

7. Je, wajua kwamba Sheria ya Misitu ya Tanzania, Namba 14 ya mwaka 2002, inakiruhusu kijiji kutenga msitu wake wa hifadhi na kubaki na mapato yake? Kabla ya hapo wanakijiji wengi waliona malori yakipita na magogo, wao wakibaki na vumbi. Mtu hulinda kinachomnufaisha.

8. Je, wajua kwamba jina Suledo, msitu wa wilayani Kiteto, limeundwa kwa vipande vya majina matatu: Sunya, Lengatei na Dongo? Wakazi wa vijiji vinavyouzunguka waliugawa katika maeneo ya malisho, ya kuvuna na ya kuachwa kabisa. Mwaka 2002 jamii hiyo ilitunukiwa Tuzo ya Ikweta inayoratibiwa na Umoja wa Mataifa.

9. Je, wajua kwamba Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya Tanzania ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kibinadamu zinazoweza kuharibu kingo ndani ya mita 60 kutoka mto, ziwa au chanzo kingine cha maji? Mpangaji makini wa uvunaji huanza kwa kuchora ukanda huo kwenye ramani. Anauondoa kwenye hesabu, pamoja na miteremko mikali na mapito ya wanyama. Kinachobaki ndicho msitu wa kuvuna.

10. Je, wajua kwamba katika misitu minene, mimea inayotambaa huunganisha vilele vya miti, na mti mmoja ukianguka huvuta na majirani zake? Dawa yake ni kuikata mimea hiyo miezi kadhaa kabla, ili ikauke na kukatika. Mkataji naye huchagua upande wa kuangushia mti, na njia za kuburuzia magogo huchorwa mapema ili tingatinga lisizunguke likitafuta njia. Hatua hizo hupunguza sana uharibifu kwa miti inayobaki, na hazihitaji mashine mpya hata moja.

11. Je, wajua kwamba gogo halali nchini Tanzania hugongwa nyundo ya serikali yenye alama maalumu, na husafiri na hati yake ya kusafirishia? Mkaguzi hulinganisha alama, idadi na aina ya miti na kilichoandikwa kwenye karatasi. Mazao ya misitu yakisafirishwa usiku ukaguzi huwa mgumu, kwa sababu gizani si rahisi kutofautisha mkongo na mninga, wala kuhesabu kilicho chini ya turubai.

12. Je, wajua kwamba Daraja la Mkapa juu ya Mto Rufiji, lililofunguliwa mwaka 2003, liliifungua pia misitu ya kusini kwa wafanyabiashara wa magogo? Ripoti ya shirika la TRAFFIC ya mwaka 2007 ilieleza kwamba kumbukumbu za China zilionesha mazao ya mbao kutoka Tanzania mara kumi ya yale yaliyorekodiwa Tanzania yenyewe. Barabara ilitangulia, mpango ukachelewa. Kila barabara mpya inayopita msituni iende na mpango wa msitu huo.

13. Je, wajua kwamba hata mkaa unaweza kuvunwa kwa mpango? Wilayani Kilosa, tangu mwaka 2012, vijiji kadhaa viligawa sehemu ya misitu yao katika viwanja vya mita 50 kwa 50, mithili ya ubao wa drafti. Kiwanja kimoja hukatwa, cha jirani huachwa. Mzunguko ni miaka 24. Visiki huachwa na kimo cha kutosha ili vichipue, na chipukizi hukua haraka kuliko mche kwa sababu mizizi ya zamani ipo. Viwanja vilivyoachwa huhifadhi mbegu, ndege na unyevu. Miti ya mbao haiingii kwenye tanuri, na kingo za mito haziguswi.

14. Je, wajua kwamba mikoko ya delta ya Rufiji ilitangazwa hifadhi mwaka 1898, enzi za Wajerumani? Kwa karne nyingi majahazi yalibeba boriti kutoka Rufiji na Lamu hadi Ghuba, na upana wa vyumba vya nyumba za mawe ulifuata urefu wa boriti. Wafanyabiashara huzihesabu kwa korija, yaani 20, na huzipanga kwa unene: pau, mazio, boriti, nguzo. Hatari ni kufuata boriti nzuri tu. Wakataji wakichukua zilizonyooka peke yake, hubaki miti iliyopinda, na mbegu za kesho hutoka kwa hiyo.

15. Je, wajua kwamba marufuku peke yake si mpango? Februari 2018 Kenya ilisitisha ukataji miti katika misitu ya umma kwa siku 90. Muda ukaongezwa tena na tena, hadi Julai 2023 Rais William Ruto alipotangaza kuiondoa. Msitu wa asili uliohujumiwa unahitaji pumziko hilo. Lakini mashamba ya miti ya kupandwa yalipita umri wa kuvunwa, na wanunuzi wakageukia mbao za nchi jirani. Bado swali liko palepale: mti upi ukatwe, lini, na nani apande mwingine?

16. Je, wajua kwamba katika msitu wa Budongo, Uganda, kuna kitalu kilichoachwa bila kuvunwa ilhali vingine vilivunwa miaka tofauti? Kitalu hicho, N15, kimewawezesha watafiti kulinganisha. Utafiti uliochapishwa mwaka 1994 ulikuta baadhi ya aina za kima wakiwa wengi zaidi kwenye vitalu vilivyovunwa, na sokwe hawakutofautiana sana. Kila mpango wa uvunaji utenge kipande kisichoguswa, kiwe kipimo cha vingine.

17. Je, wajua kwamba tangu mwaka 2014 jamii za wenyeji katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo zinaweza kupewa msitu wa hadi hekta 50,000, bila ukomo wa muda? Mwenye kukaa daima ana sababu ya kupanga kwa ajili ya wajukuu.

18. Je, wajua kwamba mwaka 2022 mkutano wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vya porini vilivyo hatarini, uliofanyika Panama uliingiza mkongo, mninga na jamaa zao wa Afrika kwenye orodha ya biashara inayodhibitiwa? Ili kuuza nje mbao za miti hiyo, wataalamu wa nchi husika lazima wathibitishe kwamba uvunaji hauhatarishi uhai wa aina hiyo porini. Uthibitisho huo hauwezekani pasipo hesabu ya miti iliyosimama.

19. Je, wajua kwamba wewe pia ni mwenye msitu wa umma? Kwenye mkutano wa kijiji uliza: mpango wa usimamizi uko wapi, umeruhusu miti mingapi mwaka huu, na fedha zimekwenda wapi? Dukani, kabla ya kulipia mlango au kitanda, muulize muuzaji mbao imetoka wapi na risiti yake ya serikali iko wapi. Muuzaji halali ataionesha. Asiyeweza kuionesha mnyime fedha zako, kwa sababu biashara ya mbao za wizi huendeshwa na wanunuzi wasiouliza.