Vivimbe vya Ute katika Mlango wa Kizazi: Sababu, Utambuzi na Tiba

Mwanamke wa Ihanja, mkoani Singida, akiambiwa kuwa ana uvimbe katika mlango wa kizazi, huweza kudhani mara moja kuwa ni saratani. Mara nyingi sivyo. Mlango wa kizazi una tezi zitoazo ute. Baada ya kujifungua, au uambukizo unapopona, seli bapa huota na kuziba matundu ya tezi hizo. Ute hukosa pa kutokea, ukajikusanya. Hutokea kivimbe cheupe au cha manjano, kwa kawaida cha milimita chache tu. Martin Naboth wa Leipzig, aliyevieleza mwaka 1707, alividhani kuwa mayai. Kosa lilisahihishwa, jina lake likabaki.

Vivimbe hivi havigeuki kuwa saratani, na vingi havihitaji tiba. Kikubwa chenye kuleta maumivu hutobolewa, huunguzwa kwa umeme au hugandishwa kwa baridi kali. Viuavijasumu hutibu uambukizo, si kivimbe.

Ugumu uko kwenye utambuzi. Katika uchunguzi wa saratani kwa asidi ya siki, seli zilizobadilika huwa nyeupe baada ya dakika moja hivi. Kivimbe, kinyume chake, huonekana kabla ya siki kupakwa: cha mviringo, laini, pengine chenye mishipa myembamba ya damu juu yake. Mpimaji asiyeangalia kwanza bila siki huweza kumpa rufaa mwanamke mzima. Hata hivyo, damu itokayo baada ya kujamiiana isihesabiwe kuwa ya kivimbe, ichunguzwe.